Kidonda Kina Kalenda Yake: Kumuuguza Mbwa Nyumbani Baada ya Upasuaji Mkubwa

Nianze na kinamama na vijana mliokaa safu za nyuma. Ninyi ndio mnaompikia mbwa, mnaosafisha banda lake na mnaofungua geti asubuhi. Mhadhara huu unawahusu ninyi kuliko unavyomhusu mtu anayeshika kisu cha upasuaji.

Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mbwa aliyepasuliwa huonekana amepona siku nyingi kabla hajapona, na kwamba madhara mengi ambayo yangeweza kuzuilika hutokea ndani ya pengo hilo. Anayemuuguza basi hana budi kuongozwa na hesabu ya siku na dalili zinazopimika, asiongozwe na uchangamfu wa mnyama. Yote nitakayosema juu ya kumfungia ndani, dawa, kulamba na chakula yanatoka kwenye hoja hiyo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Ni mbwa jike wa miaka 7, uzito wake kilo 25, hajawahi kufungwa kizazi. Wiki chache baada ya kipindi chake cha joto anaanza kunywa maji kupita kiasi, anasusa chakula, anatokwa na uchafu wenye harufu, au hatokwi na kitu ila tumbo linajaa. Mfuko wake wa uzazi umejaa usaha. Kumbukumbu za bima ya wanyama nchini Sweden, ambako majike wengi huachwa bila kufungwa kizazi, zilionyesha kuwa karibu robo yao hupatwa na ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 10. Tiba yake ya uhakika ni kufungua tumbo na kuondoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari. Daktari hukata ngozi, kisha mafuta yaliyo chini yake, kisha ule utando mweupe mgumu unaoiunganisha misuli ya kulia na ya kushoto katikati ya tumbo. Akimaliza hushona tabaka moja baada ya jingine. Baada ya siku moja au mbili mbwa anarudishwa nyumbani, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari juu ya shuka kuukuu. Kuanzia hapo wauguzi ni ninyi.

Hoja ya kwanza: uzi haumponyi mbwa, unamshikilia tu.

Fundi cherehani akishona suruali, uzi ule ndio utakaoishika mpaka ichakae. Mwilini mambo ni kinyume: uzi unashika kwa muda, ukisubiri nyama ijishike yenyewe, na nyama ina kalenda yake isiyoharakishwa. Siku 3 hadi 5 za kwanza mwili unafanya usafi. Damu imeganda, chembechembe nyeupe zinameza vijidudu na mabaki ya tishu zilizokufa, na eneo lote limevimba kidogo na lina joto. Katika siku hizo jeraha halina nguvu nyingine zaidi ya nguvu ya uzi. Ndipo chembe nyingine zinapoanza kusuka nyuzinyuzi za kolajeni, kwanza ovyoovyo, baadaye kwa mpangilio. Kufikia wiki ya tatu sehemu iliyokatwa ina takriban asilimia 20 tu ya nguvu yake ya zamani, na hata kovu likikomaa baada ya miezi mingi, nguvu yake huishia karibu na asilimia 80. Sasa linganisheni na macho yanavyoona. Ngozi huziba mapema, na nyuzi za nje hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Mwenye mbwa akitazama anaona mstari mkavu, msafi, anaona mkia unatikisika, anasema amepona. Lakini kinachozuia matumbo yasitoke si ngozi. Ni ule utando mweupe wa ndani, ambao hakuna mtu nyumbani anayeuona, na ambao ni mzito sana kurudisha nguvu. Mbwa akiruka ukuta siku ya 6 kumfukuza paka, uzito wote wa matumbo unaangukia mshono huo. Utando ukiachia, mnaona uvimbe laini chini ya kidonda. Ngozi nayo ikiachia, matumbo yanaburuzika mchangani.

Tena viungo havina kalenda moja. Kibofu cha mkojo kikishonwa hurudisha nguvu zake ndani ya wiki mbili au tatu. Utumbo uliokatwa na kuungwa, kwa mfano baada ya kuondoa kisokoto cha kusugulia vyombo au kigunzi cha mahindi kilichokwama, ni dhaifu zaidi siku ya 3 hadi ya 5. Hizo ni siku zilezile ambazo mbwa huanza kuchangamka na watu wa nyumbani hulegeza ulinzi. Mfupa uliofungwa kwa bamba la chuma huhitaji wiki 8 hadi 12. Ndiyo maana agizo la “apumzike wiki mbili” halitoshelezi. Kabla hamjaondoka kliniki, mwulizeni daktari swali hili: ni tishu zipi mlizokata, na kila moja itachukua muda gani? Yaandikeni majibu kwa tarehe, kwa maana mtu akiambiwa “siku kumi” hukosea kuhesabu, lakini akiandikiwa tarehe hakosei.

Najua pingamizi linalokuja. Kuna wanaosema kumfungia mbwa aliyezoea kuzurura uwanja mzima ni ukatili, na hoja yao ni nzito. Miongoni mwa zile nguzo tano za ustawi wa wanyama zilizotungwa Uingereza mwaka 1979, mojawapo ni mnyama kuwa huru kufuata tabia yake ya asili. Lakini nguzo nyingine, katika orodha hiyohiyo, ni kuepushwa na maumivu, majeraha na maradhi. Nguzo hizi zikigongana, busara ni kuangalia ipi inarekebishika. Wiki kadhaa za kukosa kukimbia hurekebishika, na utumbo uliotoka nje mara nyingi haurekebishiki. Isitoshe, kufungia hakumaanishi kumtupa stoo akae gizani. Kona ya veranda iliyozungushiwa mbao, au chumba kidogo chenye sakafu isiyoteleza, kinatosha. Atolewe kwa kamba fupi mara 4 au 5 kwa siku, dakika chache za kujisaidia, kisha arudi. Awekwe nyuma ya nyumba asikoona geti, kwa maana mbwa wa ulinzi akisikia bodaboda inasimama nje ataruka hata kama tumbo lake lilifunguliwa jana. Na wanaouliza nani atalinda nyumba katika wiki hizo, nawajibu waziwazi kwamba mbwa huyu hatalinda. Panga mlinzi, panga taa, panga jirani. Mbwa aliyepasuliwa akiachiwa usiku “abweke kidogo tu” ameachiwa kukimbia.

Hoja ya pili: mbwa akinyamaza, haimaanishi hana maumivu.

Mbwa wachache hulia kwa sababu ya kidonda. Wengi huonyesha maumivu kwa mambo madogo: analala akajigeuza kila dakika, anasimama mgongo umekunjamana, anahema wakati hakuna jua, anatazama ubavu wake, anainua makalio huku kifua kikiwa chini kama anayejinyoosha, au anajificha nyuma ya pipa. Mbwa mpole akikuonyesha meno unapokaribia tumbo lake hajageuka mkali, anakueleza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitengeneza kipimo cha maumivu ya mbwa, na mwaka 2007 wakachapisha toleo lake fupi. Kipimo hicho kinauliza mambo sita: sauti anazotoa, jinsi anavyokishughulikia kidonda, anavyosimama na kutembea, anavyopokea kuguswa, hali ya moyo wake, na namna anavyolala au kukaa. Jumla ya alama ni 24, na akifikisha 6 anahitaji dawa zaidi ya maumivu. Katika hayo sita, lipi linahitaji mashine? Hakuna. Yote yanataka mtu anayemjua mbwa huyo na mwenye subira ya kumtazama.

Hapa lazima nijibu imani iliyoenea hata kwa baadhi ya wahudumu wa zamani, kwamba maumivu yaachwe kidogo kwa sababu ndiyo yanayomtuliza mbwa asirukeruke. Imani hii ina mantiki kwa juu, lakini ushahidi wa mwili unaikataa. Mnyama mwenye maumivu halali. Asipolala na asipokula, kolajeni ile tuliyoizungumzia inasukwa kwa uzembe. Hupumua juujuu, na hukilamba kidonda zaidi kwa sababu ndicho kinachomsumbua. Anayepaswa kumtuliza ni kamba na mlango. Maumivu hayafai kupewa kazi hiyo.

Na dawa zitoke kwa daktari wa mifugo. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu duka la dawa liko karibu na kliniki iko mbali. Ibuprofen na diklofenaki, ambazo watu humeza kwa kichwa na mgongo, humtoboa mbwa tumbo kwa vidonda na kumharibia figo, hasa mbwa aliyetoka kwenye nusukaputi akiwa na upungufu wa maji. Paracetamol inaweza kumwumiza ini, na kwa dozi kubwa huiondolea damu uwezo wa kubeba hewa. Dawa zinazofaa zipo, kama meloxicam na carprofen zilizopimwa kwa uzito wake, zinazotolewa pamoja na chakula. Hata hizo zisichanganywe na dexamethasone wala prednisolone, kwa sababu mchanganyiko huo hutoboa tumbo. Akipewa antibiotiki, amalize dozi yote. Asipopewa, msimwongezee ya kuku iliyobaki kabatini.

Hoja ya tatu: kulamba si kujitibu.

Wazee wetu waliona mbwa wakilamba majeraha na kupona, na wala hawakuota. Mwaka 1990 watafiti Hart na Powell walichapisha matokeo kwamba mate ya mbwa huua baadhi ya bakteria, wakiwemo E. coli na aina moja ya Streptococcus. Lakini matokeo hayohayo yalionyesha kuwa mate hayo hayana nguvu kubwa dhidi ya Staphylococcus, nayo ni jamii inayoongoza kwa kuambukiza mishono ya mbwa. Jambo la pili ni la kimakanika. Jeraha ambalo wazee waliliona lilikuwa wazi, la kuumwa au la kukwaruzwa, na ulimi ulikwangua uchafu ukatoka. Mshono wa daktari umefungwa, na ulimi ule unaokwaruza unafungua kilichofungwa. Meno ya mbele yanaweza kung’oa mafundo ya uzi kwa dakika chache usiku mmoja. Kwa hiyo avalishwe ile kola pana ya plastiki yenye umbo la faneli, mchana na usiku, mpaka nyuzi zitolewe. Kola ikikosekana, ndoo ndogo ya plastiki iliyotolewa kitako na kulainishwa kingo, ikafungwa kwenye mkanda wa shingo, inafanya kazi. Kwa kidonda cha tumbo, fulana ya mtoto iliyopitishwa miguuni husaidia, mradi ibadilishwe ikilowa. Akila, mshikilieni bakuli alifikie, kwa maana wengi huivua kola kwa huruma wakati wa kula wakasahau kuirudisha.

Katika joto la kwetu adui mwingine ni nzi. Nzi hutaga kwenye kidonda chenye majimaji, na mabuu huanguliwa ndani ya siku moja. Yupo pia yule nzi anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje, ambaye hutaga kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na funza wake huingia ngozini. Mbwa ni mmoja wa wanaoathirika sana. Basi matandiko ya mgonjwa yafuliwe, yakauke kabisa, yapigwe pasi pande zote mbili. Kidonda kibaki kikavu: msimwagie Dettol wala spiriti, vinaunguza chembe changa zinazosuka. Msimwogeshe mpaka nyuzi zitoke. Kupe nao waondolewe kwa dawa aliyoidhinisha daktari, kwa sababu ugonjwa wa Ehrlichia wanaoueneza hupunguza chembe za kugandisha damu, kiasi kwamba uliwahi kuitwa ugonjwa wa kuvuja damu wa Nairobi.

Kwa ndugu zetu wa Kiislamu, hasa wa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanaoona kwamba hilo linawazuia kumuuguza. Lakini fikihi hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kulinda na wa kuwinda, na hadithi ya aliyesamehewa kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani inajulikana misikitini mwetu. Glavu, bakuli lake pekee, na nguo maalumu ya kumhudumia vinatosheleza twahara na tiba kwa pamoja. Hata asiye Mwislamu afanye hivyohivyo, kwa ajili ya usafi wa kidonda.

Hoja ya nne: chakula ni malighafi ya kovu. Hapa sitakaa sana. Mbwa wetu wa kilo 25 akiwa amelala tu anahitaji takriban kilokalori 780 kwa siku. Hiyo ni karibu gramu 300 za wali uliopikwa pamoja na gramu 240 za kuku wa kuchemsha, bila ngozi wala mfupa. Gawanyeni mara 4 au 5 kwa siku za mwanzo, kisha arudi kwenye chakula chake cha kawaida, kwa kuwa wali na kuku peke yake si mlo kamili wa muda mrefu. Ugali mtupu wenye maji ya dagaa hautoshi, kwani protini ndiyo inayosukwa kuwa kolajeni. Msimpe mchuzi wa nyumbani. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na huyu ametoka kupoteza damu. Maji awekewe kidogokidogo saa za kwanza, baadaye yawepo wakati wote. Akikosa choo siku 3 hadi 5 msiogope, tumbo lilikuwa tupu na dawa za maumivu hukawiza. Akikosa mkojo saa 24, mpigieni daktari.

Hoja ya tano: kinachopimwa ndicho kinachoaminika.

Nunueni kipimajoto cha shilingi chache na daftari. Asubuhi na jioni andikeni joto lake, lililopimwa njia ya haja kubwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta. Kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo mbwa mwenye 38.8 hana homa, ingawa mtu mwenye kiwango hicho angelala kitandani. Pua yake kuwa ya moto au baridi haielezi chochote. Inueni mdomo mwone fizi: ziwe za waridi, na mkizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Hesabuni pumzi zake akiwa amelala, zisizidi 30 kwa dakika. Tazameni mshono na mwandike urefu wa wekundu wake, ili kesho msibishane kama umeongezeka. Fizi zikipauka, tumbo likivimba, akitapika mfululizo, akizimia, mshono ukiachia, au akiacha tena kula siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kuwa ameanza kula, msisubiri kupambazuke. Na anayempima amfunge mdomo kwa kitambaa laini ikiwa anaumia na hatapiki, na watoto wakae mbali. Akimng’ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha mtu huyo aende hospitali, hata kama cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kipo.

Limebaki pingamizi kubwa kuliko yote, na sitalikwepa: katika nchi ambako watu hukosa dawa, je, ni haki kutumia muda na fedha kwa mbwa? Najibu hivi. Fedha kubwa ilishatumika siku ya upasuaji. Kamba, daftari, kipimajoto na kuku wa kuchemsha ni sehemu ndogo yake, ilhali kumrudisha mezani kushonwa upya ni gharama mara ya pili na hatari zaidi. Pia mbwa wa nyumbani hakujileta. Tumemfunga getini alinde usingizi wetu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, kama ilivyo ile ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, inamtwika mwenye mnyama wajibu wa kutomwacha ateseke. Asiyeweza kubeba wiki hizi aseme kabla ya kisu. Daktari mwaminifu atamweleza njia nyingine, ikiwemo kumlaza mnyama usingizi wa kudumu bila maumivu. Nalitaja hilo kwa uzito wote, kwa sababu kupasua kisha kutelekeza ni kumtesa mnyama mara mbili.

Ndugu zangu, yako mambo matatu ambayo naamini tunaweza kuyafanya kuanzia mwaka huu. Kila kliniki impe mwenye mbwa ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi, wenye tarehe zilizojazwa kwa kalamu: tarehe ya kutoa nyuzi, tarehe ya kuachiwa kukimbia, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Wauguzi wa kliniki wapige simu siku ya 3 na siku ya 5 bila kungoja kupigiwa. Na ninyi wanafunzi, kipimo kile cha Glasgow kinangoja mtu wa kukiweka katika Kiswahili kinachosemwa uani, kisha kukijaribu kwa wafugaji halisi, kuona kama mama anayepika na kijana wa geti, wakimtazama mbwa yuleyule, watatoa alama zinazokaribiana na za daktari. Hiyo ni kazi ya muhula mmoja, na ningefurahi kuwasaidia watakaoianza. Sasa nakaribisha maswali, na kwa idhini ya Mwenyekiti ningeomba tuanzie safu za nyuma.